Je, saratani inaua wanawake wengi zaidi siku hizi? Namna ya kusoma hesabu za vifo katika sharika zetu

Katika ziara za kutembelea miradi, swali moja limekuwa likijirudia kwenye kamati za afya na diakonia, katika sharika za mlimani na za tambarare: kwa nini siku hizi tunazika akina mama wengi kwa saratani? Swali hilo hilo, likiwa na sura nyingine, hutufikia kutoka kwa marafiki zetu wa sharika rafiki za Ujerumani, Sweden na Marekani. Wao wamechangia siku za uchunguzi wa wanawake, na sasa wanauliza vifo vimepungua kwa kiasi gani.

Maswali yote mawili ni ya haki. Tatizo ni kwamba hayajibiki kwa kuhesabu makaburi ya mwaka mmoja. Na kwa kuwa majibu yake ndiyo yanayoamua fedha iende wapi, tumeona vema tuyaeleze kwa kirefu katika toleo hili.

Maombi yanayofika ofisini mara nyingi huwa hivi: usharika umepata misiba miwili au mitatu ya saratani ndani ya mwaka, watu wameanza kunyooshea kidole chemchemi, dawa za kunyunyizia kahawa au mnara wa simu, na kamati inaomba fedha za kupima maji. Upimaji wa maji katika maabara ni wa gharama. Fedha hizo hizo zingeweza kulipa nauli za wanawake ambao wamekwisha kuambiwa wana ugonjwa na bado wako nyumbani. Ndiyo maana kusoma hesabu si kazi ya kuwaachia wataalamu peke yao.

Idadi na kiwango

Tuanze na tofauti ambayo huchanganywa hata katika taarifa za ofisini. Idadi ni hesabu tupu: tumezika wangapi. Kiwango ni idadi hiyo ikigawanywa kwa watu ambao vifo hivyo vingeweza kutokea miongoni mwao, na kwa kawaida hutajwa kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 katika sensa ya mwaka 2012, na 1,861,934 katika sensa ya mwaka 2022. Kwa hiyo hata kama hatari ya kila mwanamke isingebadilika hata kidogo katika miaka hiyo kumi, tungetarajia misiba iongezeke kwa zaidi ya mmoja katika kila kumi kwa sababu tu watu wameongezeka.

Sasa tuone namba za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine yoyote. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake 10,241 walipata ugonjwa huo Tanzania na 6,525 walifariki. Ukigawa vifo hivyo kwa wanawake wote wa nchi, watoto na wazee pamoja, unapata takribani 22 kwa kila 100,000.

Chukua usharika wenye wanawake 2,500. Kwa kiwango hicho, usharika huo ungetarajia zaidi kidogo ya nusu ya kifo kwa mwaka, yaani msiba mmoja katika miaka miwili hivi. Bila shaka hakuna anayekufa nusu. Mwaka mmoja hakuna msiba, mwaka mwingine upo mmoja, na mara moja moja itokee miwili au mitatu. Hesabu ya bahati nasibu inaonyesha kwamba katika usharika kama huo, karibu mwaka mmoja katika kila kumi utakuwa na vifo viwili au zaidi hata kama hakuna kitu chochote kilichobadilika: si maji, si chakula, si hewa.

Tufikirie sharika 30 za ukubwa huo. Kila mwaka, 17 hivi hazitakuwa na msiba wowote wa ugonjwa huu, na tatu hivi zitakuwa na miwili au zaidi. Hizo 17 hazituandikii barua. Zile tatu zinaandika, na zina haki ya kuandika, maana wamezika mama zao. Lakini sisi tunaozisoma barua tatu bila kuzikumbuka zile 17 tutaona mlipuko pasipo na mlipuko. Mwaka unaofuata barua zitatoka sharika nyingine.

Nani yuko katika kitabu cha mazishi?

Kitabu cha mazishi cha usharika ni hazina. Wilaya nyingi hazina kumbukumbu ya vifo iliyotunzwa kwa uaminifu kama ile ya wachungaji na wainjilisti wetu. Hata hivyo kitabu hicho kinaandika waliozikwa, na waliozikwa si lazima wawe walioishi hapo. Sote tunajua desturi yetu: mtu amekaa Dar es Salaam au Arusha miaka thelathini, lakini anazikwa kwenye kihamba. Wengine hurudi wakiwa bado hai, wameugua, wauguzwe na ndugu. Kwa hiyo sharika za mlimani zinapokea misiba ya watu ambao katika orodha ya Wakristo wa usharika hawapo. Juu ya mstari wa kugawanya wamo, chini ya mstari hawamo. Kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na sharika za mijini zitaonekana zina afya njema kuliko ukweli.

Jambo la pili ni umri. Vijana wanashuka kwenda mijini kutafuta maisha na wazee wanabaki. Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba rahisi. Eneo la mlimani lina wanawake 10,000, na kati yao 4,000 wana miaka 50 au zaidi. Eneo la mjini nalo lina wanawake 10,000, lakini wenye umri huo ni 1,000 tu. Tuseme kote kuwili, mwanamke mmoja katika kila 500 wenye miaka 50 na zaidi hufa kwa saratani kila mwaka, na mmoja katika kila 3,000 walio chini ya umri huo. Mlimani watakufa wanane na wawili, jumla kumi. Mjini watakufa wawili na watatu, jumla watano. Mtu akisoma jumla peke yake atasema kuishi mlimani ni hatari mara mbili. Lakini mama wa miaka 55 ana hatari ile ile popote alipo.

Wataalamu huondoa tatizo hili kwa kusawazisha umri: wanachukua kiwango cha kila rika na kukiweka katika jamii moja ya mfano, ili maeneo yote yapimwe kwa kipimo kimoja. Ndiyo sababu mhisani anaweza kusoma taarifa moja ikisema 22 na nyingine ikisema karibu 43, zote zikiwa juu ya vifo vya saratani ya mlango wa kizazi Tanzania mwaka 2020, na zote zikawa sahihi. Tanzania ni nchi ya watoto na vijana wengi, ambao ugonjwa huu hauwagusi, hivyo kiwango kisichosawazishwa huonekana kidogo. Kilichosawazishwa ni takribani 43. Wastani wa dunia mwaka huo kwa kipimo hicho hicho ulikuwa 7 na kidogo. Sisi tuko karibu mara sita ya hapo, na hili si jambo la bahati nasibu hata kidogo.

Ugonjwa ulipopata jina

Ukifungua vitabu vya mazishi vya miaka ya nyuma utakuta maneno kama “tumbo”, “kutokwa damu” au “baada ya kuugua kwa muda mrefu”. Baadhi ya akina mama hao walikuwa na saratani, ila hakukuwa na mtu wa kusema hivyo. Wengine walikonda wakadhaniwa wana UKIMWI, na familia ikanyamaza. Leo hospitali zetu zinachukua vipande vya nyama na kuvipeleka maabara, KCMC ina kituo chake cha saratani, na neno saratani linatamkwa hata katika matangazo ya ibada. Mahali ambapo zamani paliandikwa “tumbo”, sasa panaandikwa “saratani”. Misiba ni ile ile. Kilichoongezeka ni majina.

Lakini isije ikaeleweka kwamba ongezeko lote ni la karatasi. Liko la kweli pia, na sababu yake kubwa moja ni habari njema. Tangu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, akina mama ambao wangefariki wakiwa na miaka 30 wameishi na kulea watoto wao. Mwanamke anayeishi na virusi hivyo ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi karibu mara sita ya yule asiye navyo. Ameokolewa katika ugonjwa wa kwanza, na sasa anahitaji kupimwa mapema kuliko wenzake kwa ajili ya wa pili. Kliniki za dawa na siku zetu za uchunguzi zingepaswa kuwa zinafanya kazi kwa ukaribu zaidi kuliko ilivyo sasa.

Tahadhari na makadirio ya kitaifa

Wapo wanaochukua makadirio ya Lyon ya miaka mbalimbali na kuyapanga kama ngazi. Makadirio ya mwaka 2012 yalisema vifo 4,216 vya saratani ya mlango wa kizazi Tanzania. Ya mwaka 2018 yakasema 6,695. Ya mwaka 2020, kama tulivyoona, 6,525. Mtu mwenye haraka atasema janga lilipanda kwa zaidi ya nusu katika miaka sita, kisha likaanza kushuka. Nimewahi kuona maelezo ya namna hiyo katika andiko la kuombea fedha, tena yamechorewa grafu ya rangi.

Hesabu hizo hazikutokana na vyeti vya vifo. Vifo vingi vinavyotokea nyumbani haviingii katika usajili vikiwa na sababu iliyothibitishwa na daktari. Wataalamu huchukua kumbukumbu za sajili chache za saratani zilizopo, wanakadiria wagonjwa wapya wa nchi nzima, halafu wanakadiria vifo kutokana na muda ambao wagonjwa kwa kawaida huishi. Sajili zikiboreshwa au njia ya kukokotoa ikibadilika, namba inabadilika hata kama hali vijijini ni ile ile. Shirika lenyewe linaonya watu wasilinganishe toleo moja na jingine wakidhani wanaona mwelekeo. Makadirio haya yanafaa kutuonyesha ukubwa wa tatizo, lakini tofauti ya vifo 170 kati ya 2018 na 2020 haina maana yoyote ya kumwandikia mfadhili.

Uchunguzi unapoanza, hesabu hupanda

Kwa wafadhili wetu, sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki ni kazi ya dakika chache. Muuguzi hupaka siki, husubiri kama dakika moja, na panapogeuka kuwa peupe hupatazama. Mabadiliko ambayo bado si saratani yanaweza kutibiwa siku ile ile kwa kugandisha au kwa joto, na saratani haifiki kamwe. Lakini siku za kwanza za uchunguzi katika eneo lolote hukuta pia wanawake ambao tayari wana saratani bila kujua. Kwa hiyo mwaka wa kwanza na wa pili idadi ya wagonjwa hupanda. Mtu asiyejua atasema mradi umeleta ugonjwa. Hata baadhi ya wanaume katika mitaa yetu wamesema hivyo.

Kuna mtego mwingine, nao ni mbaya zaidi kwa sababu unapendeza machoni. Tuseme wanawake wawili ugonjwa wao ulianza wakati mmoja. Wa kwanza aligundulika mwaka 2018 katika siku ya uchunguzi, akapewa barua ya rufaa, lakini hakupata nauli wala mtu wa kumsindikiza. Wa pili alikwenda hospitali mwenyewe mwaka 2022, damu ilipozidi. Wote wawili walifariki mwaka 2023. Taarifa ya mradi itasema wa kwanza aliishi miaka mitano baada ya kugundulika, na wa pili mwaka mmoja. Kwenye karatasi ni ushindi mkubwa. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeongezewa hata siku moja ya kuishi. Wa kwanza alijua tu mapema kwamba anakufa. Kwa hiyo taarifa ikikuambia kwamba wagonjwa wanaishi muda mrefu zaidi, uliza swali la pili: wangapi walifika kwenye matibabu?

Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, mpaka Bugando kule Mwanza ilipoanza kuitoa miaka ya mwisho ya 2010. Kwa mama wa kijijini, wiki kadhaa mbali na nyumbani zina gharama ambazo haziandikwi kwenye bei ya matibabu: nauli, malazi, chakula, mtu wa kuangalia watoto na ng'ombe. Barua ya rufaa bila mambo hayo ni karatasi tu.

Kuhusu chanjo dhidi ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, mkoa wa Kilimanjaro ulitangulia kwa majaribio mwaka 2014. Mwaka 2018 chanjo ikaenea nchi nzima, na tangu 2024 msichana huchanjwa mara moja tu. Utafiti uliotolewa Sweden mwaka 2020 ulionyesha kwamba waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walipata saratani hii kwa asilimia 88 pungufu kuliko wasiochanjwa. Lakini hebu tuhesabu miaka. Msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 9 mwaka 2014 atafikisha miaka 40 mwaka 2045, na ni kuanzia umri huo ndipo ugonjwa huu huua zaidi. Mfadhili anayetaka kuona chanjo ikipunguza vifo ndani ya mradi wa miaka mitatu anaomba kitu kisichowezekana, na ni afadhali tumwambie hivyo kwa upole kabla ya kusaini mkataba.

Je, kuna wakati hofu ya kijiji huwa ya kweli?

Upo. Mfano mzuri tunao hapa hapa. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, iko juu katika ukanda unaoanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi kusini mwa Afrika. Imeonekana miaka mingi, katika wilaya nyingi, na hata baada ya kusawazisha umri bado ipo. Haikutegemea misiba ya mwaka mmoja. Moja ya sababu zinazochunguzwa ni vinywaji vya moto sana. Mwaka 2016 shirika lile la Lyon liliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai ikikaa kikombeni dakika chache haipotezi utamu.

Kamati inapopata hofu, ijiulize kwanza: ni saratani ya aina moja, au ni mchanganyiko? Misiba mitatu ambayo mmoja ni wa titi, mwingine wa mlango wa kizazi na wa tatu wa ini ina vyanzo tofauti, na chemchemi moja haiwezi kuibebeshwa yote. Dawa za mashambani zishughulikiwe kwa uangalifu, hilo halina mjadala, ila kwa sababu zake zenyewe. Lakini kama ni saratani ya aina moja isiyo ya kawaida, kwa watu wa umri mdogo, waliofanya kazi mahali pamoja, hapo msisubiri. Mwoneni mganga mkuu wa wilaya na mtujulishe.

Tunachoomba kamati zifanye

Kuanzia misiba ya mwaka huu, tunaomba katibu wa kamati aongeze mambo machache pembeni ya kitabu cha mazishi: umri; mahali marehemu alipoishi miaka mitano ya mwisho; aina ya saratani kama ilivyoandikwa na hospitali, na kama haikuandikwa, aseme haikuandikwa; mwezi dalili zilipoanza kwa maelezo ya familia; na mwezi alipofika hospitali kwa mara ya kwanza. Hali ya virusi vya UKIMWI isiandikwe kabisa, na hakuna lolote kati ya haya litakalosomwa katika matangazo. Taarifa zitakuja ofisini bila majina, tutaziunganisha za jimbo zima, na hatutatoa kiwango chochote kabla ya kukusanya miaka mitano.

Wakati tunasubiri, taarifa kwa wafadhili zitabeba hesabu nne: wanawake wa miaka 30 hadi 50 waliopimwa kwa mara ya kwanza katika maisha yao, waliokutwa na mabadiliko, waliotibiwa mabadiliko hayo, na kati ya waliokutwa na saratani, waliofika hospitali ya rufaa kwa kweli, si waliopewa barua. Hesabu ya nne ndiyo itakayokuwa ngumu kuijaza, kwa kuwa inamlazimu mtu kupanda mlima na kubisha hodi. Fomu ni ya ukurasa mmoja na itagawiwa katika kikao kijacho cha jimbo. Kamati isiyo na katibu imteue mtu kabla ya siku hiyo.